Muhuri wa Msibani

Wapendwa, katibu wetu ameshapita na kalamu yake, ametuhesabu vichwa, ameandika, amekaa. Asante, katibu. Kwa hiyo tuko wangapi tumeshajua. Sisi ni watu gani, hilo bado, na ndilo nataka tuliangalie asubuhi hii. Mmezoea nikisimama hapa niwape mkulima na shamba lake. Leo mkulima nimempumzisha. Leo nawapa meneja.

Alikuwepo meneja mmoja wa kiwanda cha sabuni. Mtu safi kabisa. Nalisema mapema msije mkakaa hapo mnamtafutia wizi, maana hakuiba hata kipande cha kunawia mikono. Aliwahi kazini, alivaa shati lililonyooshwa, na alipenda namba. Lo, yule bwana alipenda namba! Ukutani ofisini kwake alibandika chati za kila rangi, na asubuhi kabla hajamsalimia mtu alikwenda kwanza kuzitazama chati zimeamkaje. Alikuwa amehudhuria semina moja hotelini, akarudi na maneno aliyoyarudia mpaka walinzi wa getini wakayakariri: "Kitu usichokipima huwezi kukisimamia."

Basi akapima. Vibarua wa kupakia malori akawapima kwa idadi ya katoni wanazopakia kwa saa. Watu waliokuwa wakibeba katoni kwa mikono miwili wakaanza kuzirusha. Mstari kwenye chati ukapanda, wakubwa wakafurahi, meneja akapewa friji. Na sabuni zilizopasukia ndani ya katoni? Wenye maduka walifungua wakakuta vipande, wakalalamika mpaka wakachoka. Lakini malalamiko ya wenye maduka hayakuwa na chati, kwa hiyo ukutani kwa meneja hakuna sabuni iliyowahi kupasuka. Mnacheka? Chekeni sasa hivi, maana huko mbele hamtacheka.

Mtaani kwake kulikuwa na chama cha kufa na kuzikana, kama hivi vyama vyetu. Kilikuwa chama cha zamani, cha kienyeji, bila kadi. Kilio kikisikika, mwenye duka anafunga duka. Wanaume wanabeba majembe na sururu kwenda makaburini. Akina mama wanaingia kwa mlango wa uani na masufuria kichwani. Wengine wanalala na wafiwa kwenye mikeka mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna aliyeandika nani amefanya nini, ila kila mtu alijua.

Wavivu walikuwepo, tusidanganyane. Palikuwa na bwana mmoja aliyeonekana kwenye misiba ya wakubwa tu, tena chakula kikiwa kimeiva. Watu wakanung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Kikaitwa kikao, na mtu mmoja akasimama akasema, "Jamani, si tunaye meneja hapa? Mtu amenyoosha kiwanda kizima, atashindwa na sisi?" Wakampigia makofi, akawa mwenyekiti.

Mwenyekiti akaja na utaratibu. Kila nyumba ikapewa kadi. Kila penye msiba, mlangoni pakawekwa meza, na kwenye meza akaketi bwana mmoja mpole, mnene, na muhuri wake. Umefika msibani, unatoa kadi, inapigwa muhuri. Mwisho wa mwaka mihuri inajumlishwa. Nyumba yenye mihuri mingi ni daraja la kwanza: ikifiwa inapewa turubai, viti, masufuria makubwa, na meza ya muhuri inawekwa ili watu waje. Yenye mihuri ya kadiri ni daraja la pili, nayo inapata viti na meza. Yenye mihuri michache au isiyo na muhuri ni daraja la tatu. Hiyo haipati kitu stoo, wala meza haiwekwi. Mwenyekiti alieleza vizuri sana: asiyekwenda kwa wenzake, kwa nini wenzake wapoteze muda kwenda kwake? Na mimi na wewe tungekuwepo kwenye kikao kile, tungeitikia. Lina kosa gani neno hilo? Likisemwa haraka, halina kosa.

Na kweli watu wakaanza kwenda misibani! Mpaka yule bwana wa misiba ya wakubwa akawa anakwenda kwa wadogo. Mahudhurio yakapanda maradufu. Mwenyekiti akachora chati, akaibeba mpaka kwenye mkutano mkuu, akaining'iniza kwenye ukuta wa shule. Alipouonyesha ule mstari kwa rula, sauti yake ilitetemeka kidogo. Aliona amewafundisha watu kupendana.

Sasa nendeni naye msibani mkaone alichowafundisha. Foleni ya muhuri ikawa ndefu kuliko foleni ya kuaga mwili. Watu wakawa wanapiga muhuri hapa, wanapanda bodaboda, wanawahi kupiga muhuri mtaa wa pili. Siku moja mama mmoja, kadi imeshapigwa muhuri na bado anaipuliza wino ukauke, alimgeukia mwenzake akauliza, "Hivi marehemu alikuwa baba au mama?" Aliuliza pale pale turubaini, mjane akimsikia! Mwenyekiti naye alimsikia. Alikunja uso, akatikisa kichwa, kisha akatazama foleni jinsi ilivyopinda mpaka barabarani, na uso ukakunjuka. Namba ilikuwa nzuri, na namba ikishakuwa nzuri mtu hana haja ya kuuliza lingine.

Katika mtaa ule alikuwepo mama mmoja wa jikoni. Mnamjua, kila mtaa unaye. Huyu ndiye anayejua wali wa watu wengi unataka maji kiasi gani. Kuni mbichi zinamtii. Yeye alifika msibani alfajiri, meza ya muhuri bado haijatolewa ndani, akapitia uani, akawasha moto. Alipotoka, masufuria yameoshwa na yamefunikwa, meza ilikuwa imeshakunjwa na mwenye muhuri ameshakwenda zake. Wenzake walimwambia, "Dada, si utoke mara moja ukapige muhuri?" Akawajibu, "Nikiacha maharage hapa yakaungua, huo muhuri ndio watu watakula?" Basi kadi yake ikakaa kabatini, nyeupe pe.

Mumewe akafariki.

Akajifunga khanga, akaenda nyumbani kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa sebuleni akinywa chai. Akainuka, maana alilelewa vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mzee wangu ametutoka asubuhi hii."

"Loo! Pole, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Nimekuja kuomba turubai na masufuria."

Mwenyekiti akaomba kadi. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Akaiweka juu ya meza taratibu.

"Mama, hii kadi haina muhuri hata mmoja."

"Nilikuwa jikoni, mwanangu."

"Najua."

"Baba yako alipofariki uji wenu niliupika mimi. Wewe mwenyewe uliingia jikoni unalia, nikakukalisha kwenye kigoda changu."

"Najua, mama. Mimi najua. Mfumo ndio haujui."

Yule mama akamtazama. "Basi si uuambie?"

Hebu nisimame hapo kidogo. Si uuambie! Mlisikia swali la maana kuliko hilo mwaka huu? Aliyeutunga mfumo ni nani? Aliyechonga muhuri ni nani? Amekaa hapo na chai yake, ndiye aliyeuzaa, ndiye aliyeulea, halafu anausema kama mvua, kama kitu kilichoshuka chenyewe kikamkuta! Hasira zinanipanda hapo, wapendwa, na sioni kwa nini nizifiche.

Mwenyekiti aliona aibu. Nataka mlijue hilo, hakuwa jiwe. Ile harufu ya uji wa msiba wa baba yake ilimjia puani, akakumbuka kigoda, akakumbuka mkono wa yule mama mgongoni mwake. Maneno "chukua turubai, mama" yalifika mpaka kwenye ulimi. Kisha akaiona kadi pale mezani. Akafikiria mkutano mkuu, na watu watakaosimama kusema mwenyekiti ana upendeleo. Akayameza.

"Nikikufungulia wewe, mama, kesho watajaa hapa kila mmoja na hadithi yake."

Hadithi! Miaka yote ya moshi machoni, na yeye anaita hadithi! Kwa sababu haikupigwa muhuri ikawa hadithi, na wino wa yule aliyeuliza kama marehemu ni baba au mama ndio ukawa ukweli.

Yule mama hakubishana. Alichukua kadi yake, akaifutia kwenye khanga chembe za sukari za mezani, akaondoka. Mwenyekiti alimsindikiza mpaka getini, tena akamfungulia geti mwenyewe. Adabu zote alikuwa nazo.

Wakamzika yule mzee. Walifunga vitenge kwenye nguzo kupata kivuli. Walikuja wenzake wa jikoni, na majirani wachache wakachimba. Wengine walipita barabarani, wakachungulia, hawakuona meza, wakaendelea na safari zao. Na mwisho wa mwezi mwenyekiti alipotengeneza ripoti, wastani wa mahudhurio haukushuka hata kidogo, kwa kuwa msiba usio na meza hauhesabiwi. Mnaona uzuri wa chati? Watu hawakumzika mwenzao, na chati ikatoka safi.

Haikupita muda mrefu, mama yake mwenyekiti akafariki.

Alikuwa mama aliyempenda kuliko mtu yeyote, na kilio chake kilikuwa kilio cha kweli. Lakini katikati ya kulia kulikuwa na kitu kinachomtuliza: alijua kadi yake. Hapakuwa na nyumba mtaani yenye mihuri mingi kama yake. Daraja la kwanza! Turubai likaja, viti vikaja, masufuria yakapangwa uani, magunia ya mchele yakaegemezwa ukutani. Meza ikawekwa mlangoni. Maziko yakapangwa kesho yake mchana.

Alasiri watu wakaanza kufika. Wakafika, wakafika! Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake mbele, macho mekundu, akaiona foleni inapinda kona inapotelea kwa jirani, na moyoni akasema, mama, tazama watu wako. Wakapiga mihuri. Wakaja mmoja mmoja wakampa mkono, "Pole, mwenyekiti, kazi ya Mungu haina makosa." Aliwashukuru wote. Akainama kidogo kufuta machozi kwa leso, na alipoinua uso aliona migongo.

Jua lilikuwa linazama, na chini ya turubai vilibaki viti. Walikuwepo yeye, mke wake, mdogo wake aliyetoka mkoani, na mwenye muhuri anayepanga wino wake kwenye boksi. Akamwendea.

"Wanaochimba wameshakwenda makaburini?"

Yule bwana mpole akamtazama kwa kushangaa. "Kuchimba hakuna muhuri, mwenyekiti."

"Na wanaolala na wafiwa?"

"Hao nao hawana."

Akazunguka uani. Mafiga yalikuwa baridi. Masufuria yale makubwa ya daraja la kwanza yalikuwa yamekaa midomo wazi, mchele uko kwenye magunia yake, kuni ziko kwenye mafungu yake, na hapakuwa na mtu wa kuwasha kiberiti. Wale akina mama wa jikoni aliwaona alasiri ile kwa macho yake. Walikuwa kwenye foleni. Walikuwa wameuelewa utaratibu hatimaye.

Ndipo alipomwona yule mama. Alikuwa anakuja, na khanga yake ya ujane. Mwenyekiti moyo ukamruka kwa furaha, nusura amkimbilie. Akatazama atapitia uani, kama siku zote. Hakupitia uani. Alipita mlango wa mbele, kwa mara ya kwanza tangu chama kiwe na meza. Akasimama mbele ya yule bwana, akafungua pindo la khanga, akatoa kadi nyeupe, akainyoosha. Muhuri ukapigwa. Akaipuliza. Akaja kwa mwenyekiti, akampa mkono.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, mama. Ahsante sana. Mama, jikoni... jikoni hakuna mtu."

"Naona."

"Mbona unageuka, mama? Unakwenda wapi?"

Akasema, "Nimeshahesabiwa, mwenyekiti." Akaondoka.

Najua mnachongojea. Nawaona mlivyosogea mbele kwenye mabenchi. Mnangojea niseme kwamba alifika barabarani, roho ikamsuta, akarudi, akafunga khanga kiunoni, akawasha moto, na mwenyekiti akapiga magoti akatubu kwenye moshi. Wahubiri wengi wangemrudisha. Mimi simrudishi! Watu wa namna hii tumezoea mno kuwarudisha. Tunawadhulumu kwa raha zetu kwa kuwa tunajua watarudi kutupikia. Leo harudi. Mwacheni mama wa watu aende nyumbani kwake akamlilie mumewe.

Mwenyekiti na mdogo wake ndio waliokwenda makaburini, kukicha. Viganja vilivyozoea kalamu vikachubuka mapema, jembe likawa linateleza kwa damu. Walipopumzika, aliona kando yao kaburi lenye udongo ambao haujashuka vizuri, na msalaba wa mbao. Akasogea akasoma jina. Alikuwa mume wa yule mama. Mwenyekiti ndiyo mara yake ya kwanza kufika kwenye kaburi lile, akaketi juu ya udongo aliouchimba, akalia kilio tofauti na cha jana yake. Mama yake alizikwa jua likiwa limeegemea sana, na waliomzika walikuwa na njaa.

Haya. Mfano umekwisha. Mmemchukia meneja? Vizuri. Sasa tugeuze kioo.

Sisi hapa tuna jumuiya. Na jumuiya zetu zina kadi za mahudhurio. Zilianza kwa nia njema, kama vile muhuri ulivyoanza kwa nia njema. Alhamisi wiki hii niliketi na wazee wa kanisa, tukaletewa habari kwamba fundi viatu wa pale sokoni amefariki. Wengi wenu mmevaa viatu alivyovishona. Nikasema, tupange maziko. Halafu mmoja akakohoa akasema, "Baba mchungaji, kuna shida kidogo. Tumeangalia kadi yake. Mahudhurio yake ya jumuiya si mazuri. Kwa utaratibu wetu, kanisa halimzikii." Nikauliza, si mazuri kiasi gani? Akanionyesha. Kadi ilikuwa tupu.

Ilikuwa tupu, ndiyo! Yule mzee alipigwa na kiharusi. Upande mzima ulikufa. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, nyuma ya soko, mwendo mfupi kutoka kwenye mlango huu. Kila wiki jumuiya ilipokaa, mtu alishika kalamu akaandika: hakuja. Wiki iliyofuata: hakuja. Mwandiko mzuri, umenyooka, hakuna wiki iliyorukwa. Tulimhesabu mtu asiyeweza kuinuka kwamba hakuja kwetu. Nani alikuwa anaandika kwamba sisi hatukwenda kwake? Hiyo kadi iko wapi? Nani anaitunza? Mimi naamini ipo, wapendwa, na haiko kwenye kabati la katibu.

Ndugu zangu wafanyabiashara, mnaosimamia watu, na nyinyi walimu wakuu, waganga wafawidhi, wenyeviti wa vikundi, sikuwaambia msihesabu. Hesabuni. Mwenye duka asiyehesabu atafunga duka. Lakini siku namba inapokuambia umfungie mlango mtu ambaye moyo wako unamjua, wewe ndiye unayefunga, si namba. Usije ukasimama mbele za Mungu ukasema, "Mimi nilijua, Bwana, mfumo ndio haukujua." Atakuuliza swali lile lile alilouliza yule mama, na hutakuwa na meza ya kujifichia.

Yule mzee anazikwa leo. Nimeshaamua, na mzee wa kanisa mwenye neno atanikuta makaburini. Kaburi halijachimbwa. Sikuwaita vibarua, kwa makusudi. Majembe na sururu zimeegemezwa pale nje chini ya kengele, mliziona mkiingia mkadhani tuna ujenzi. Akina mama, uani kwa marehemu kuna kuni, na binti yake yuko peke yake. Nikishatoa baraka, msipange foleni mlangoni kunipa mkono, maana sitakuwepo mlangoni. Nitakuwa nimetangulia.

Na wewe katibu, mpendwa wangu, najua umeshaanza kujiuliza utaandikaje watakaokwenda na watakaobaki. Iache kalamu hapo mezani. Chukua jembe.